Namna ya kuanzisha mfuko wa jamii katika biashara yako ndogo hapa Mwanza

Kama una duka la vifaa vya ujenzi Nyakato, stoo ya dagaa Mwaloni Kirumba, saluni Igoma au karakana ya kuchomelea Mabatini, tayari unatoa. Kadi za harusi zinaletwa. Msiba wa mtaani unafika na daftari lake. Mwalimu mkuu anakuja na barua yenye muhuri, timu ya mtaa inataka jezi, kwaya inarekodi, mbio za Mwenge zinakaribia. Mwaka ukiisha hela imetoka, na ukiulizwa imefanya nini huna la kujibu, kwa sababu ilitoka elfu kumi kumi na elfu ishirini ishirini, na hakuna aliyeandika.

Mwongozo huu ni wa mwenye biashara ya watu watatu hadi thelathini hivi, anayetaka hela hiyohiyo ifanye kitu kinachoonekana na kinachodumu. Kampuni za madini, kama zile za upande wa Geita, zinabanwa na Sheria ya Madini kuandaa mpango wa kurudisha kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Wewe hubanwi. Unatoa kwa hiari yako, na ndiyo sababu unahitaji utaratibu wako mwenyewe: hakuna atakayekuja kukukagua.

Hatua ya 1: Orodhesha ulichotoa mwaka uliopita

Kabla ya kupanga chochote, kaa jioni moja na mtu wa kaunta na yule anayeshika simu ya malipo. Pitieni miamala, madaftari na kumbukumbu zenu, mwandike kila kilichotoka bila kununua kitu: fedha, saruji mifuko miwili, soda kreti tatu, gari lililobeba viti vya msiba bure. Bidhaa ziandikwe kwa bei mliyonunulia, si ya kuuzia.

Kisha gawa orodha hiyo mafungu manne. La kwanza ni la familia: harusi ya mpwa, kipaimara, msiba wa ukoo. Hilo litoke mfukoni mwako, hata kama leo linatoka kwenye droo ya duka. La pili ni la dini. Zaka ina masharti yake na watu wake waliotajwa, na fungu la kumi ni lako na kanisa lako. Yote mawili ni ibada ya mtu, kwa hiyo yasichanganywe na mfuko wa biashara ambao wafanyakazi wa imani mbalimbali wataufanyia maamuzi. La tatu ni matangazo. Jezi zenye jina la duka lako mgongoni ni tangazo, hata kama vijana wamefurahi na wewe umefurahi, na mhasibu aziweke kwenye gharama za matangazo. Kinachobaki baada ya hayo matatu ndiyo misaada kwa jamii.

Katika kazi ya kutunza vitabu vya biashara ndogo nimeona fungu hili la nne likiwa dogo kuliko mwenye duka alivyodhani, na la familia likiwa kubwa maradufu. Usione aibu. Unahitaji namba ya kweli ili uanzie hapo.

Hatua ya 2: Weka kiwango ambacho biashara inakibeba

Njia iliyo salama ni kutenga asilimia ya faida ya mwaka uliokwisha. Faida ya mwaka unaoendelea huijui bado, na mauzo yanadanganya: unaweza kuuza sana ukabaki na kidogo. Tuchukue mfano wa duka la vifaa vya ujenzi lililosajiliwa kama kampuni, lenye mauzo ya milioni 420 kwa mwaka na faida ya milioni 36 kabla ya kodi. Asilimia 2 ya faida hiyo ni shilingi 720,000, yaani 60,000 kila mwezi.

Ukiisikia elfu sitini unaweza kuiona ndogo. Subiri hatua ya nne.

Hela hiyo itolewe dukani kila mwezi iwekwe mahali pake, kwenye akaunti tofauti au laini ya simu inayosajiliwa kwa kazi hiyo tu. Ikikaa kwenye droo moja na ya mzigo italiwa na mzigo. Biashara nyingi za kanda hii hazina mapato ya kulingana mwaka mzima, kwa hiyo fuata msimu wako. Mwenye stoo ya dagaa anajua kwamba mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wa dagaa wanapumzika na mzigo unakauka. Atenge wakati wa giza. Muuza mabati anajua kwamba wateja wa Kwimba na Magu hushika hela baada ya kuuza pamba na mpunga. Atenge zaidi miezi hiyo na kidogo miezi mingine.

Mwaka wa hasara ukija, usiahidi kipya. Maliza ulichokwisha kuahidi, kisha pumzika.

Hatua ya 3: Unda kamati ya watu watatu

Mwenye biashara au mwakilishi wake, mtu mmoja wa kaunta, na mtu mmoja wa stoo au wa kubeba mizigo. Watatu wanatosha. Kibarua anayetembea kwa miguu kutoka Buhongwa au anayepanda kilima cha Igogo kila jioni anajua mambo ya mtaani ambayo wewe unayepita na gari huyajui: zahanati ipi haina maji, mzee gani analea wajukuu watano peke yake, shule ipi watoto wanatumwa ziwani na madumu.

Wapeni kamati mamlaka ya kweli. Kama kila uamuzi wake unaweza kupinduliwa na bosi akipigiwa simu na rafiki yake, baada ya mwaka hawatakaa tena kikaoni. Na mkubaliane tangu mwanzo kwamba mjumbe mwenye ndugu, mtoto au maslahi katika sehemu inayoomba anatoka nje wakati wa kuamua, na bosi akiwemo.

Wafanyakazi wakitaka kuchangia kwa fedha zao, iwe hiari kamili na wachange wenyewe mkononi au kwa simu. Usikate mshahara. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inabana makato, na mfanyakazi anayelipwa na wewe hawezi kukuambia hapana usoni. Kinachofaa zaidi ni duka kuahidi kulinganisha: wao wakichanga elfu thelathini, duka linaongeza elfu thelathini kutoka kwenye mfuko. Au wape siku moja kwa mwaka yenye malipo, waende pamoja kuchangia damu katika kituo cha Damu Salama cha Kanda ya Ziwa. Mwanaume mwenye afya anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu na mwanamke kila baada ya miezi minne.

Hatua ya 4: Chagua jambo moja, ulifanye vizuri

Hapa ndipo mfuko unapofaulu au kufa. Hitaji lipo kila kona ya mji huu. Kuna wauguzaji kutoka mikoa ya jirani wanaokaa siku nyingi Bugando bila chakula cha uhakika. Kuna wenye ualbino wanaohitaji kofia pana na mafuta ya kukinga jua mwaka mzima, kwa kuwa kansa ya ngozi inawaondoa wakiwa bado vijana. Kuna taka zinazoingia Mto Mirongo na kuishia ziwani. Kuna wasichana wanaokosa shule kwa kukosa taulo za kike. Ukijaribu kugusa yote kwa laki saba utarudi kwenye elfu kumi kumi.

Maswali mawili yanasaidia kuchagua. Je, biashara yako inajua nini kuliko watu wengine? Na je, jambo hilo liko karibu kiasi kwamba unaweza kwenda kuliona kwa bodaboda bila kuaga? Fundi umeme atazame nyaya za zahanati. Mwenye lori linalorudi tupu kutoka Sengerema abebe madawati. Tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, hakuna tena foleni ya kivuko njia hiyo. Ukitaka kufanya kazi Ukerewe, hesabu kwanza gharama ya meli hadi Nansio au ya kivuko cha Kisorya–Rugezi, na nauli ya kurudi kukagua.

Turudi kwenye duka letu la mfano. Linauza simtanki, mabomba, gata na koki. Linajua bei halisi, na linajua koki ipi huvunjika baada ya miezi miwili. Jambo linaloliangukia lenyewe ni maji katika shule za msingi. Na kando ya ziwa hili maji ya shule ni suala la afya moja kwa moja. Watoto wanaotumwa kuchota ziwani wanasimama kwenye maji yenye konokono wanaobeba vimelea vya kichocho, na vimelea hivyo hupenya kwenye ngozi. Dawa ya prazikwanteli inayogawiwa shuleni huua minyoo iliyomo mwilini, lakini haimlindi mtoto akirudi majini kesho yake. Kila dumu ambalo halikuchotwa ziwani ni mguso mmoja uliopungua.

Sasa hesabu. Milimita moja ya mvua kwenye mita ya mraba moja ya paa ni lita moja ya maji. Paa la darasa lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 8 lina mita za mraba 160, kwa hiyo mvua ya milimita 20 inaleta lita 3,200. Toa zinazoruka na kuvuja, ubaki na 2,500 hivi. Mvua mbili za namna hiyo zinajaza tanki la lita 5,000. Shule yenye watoto 800, kila mmoja akitumia nusu lita kwa siku kunawa mikono, inamaliza tanki hilo kwa siku 12 au 13.

Namba hizo zinakupa maamuzi matatu. Kwanza, tanki moja kwa shule moja halitoshi, kwa hiyo ni afadhali kubaki shule moja miaka mitatu kuliko kugawa tanki moja moja kwa shule tatu na kupiga picha tatu. Pili, kiangazi cha Juni hadi Agosti tanki la mvua litakuwa kavu. Shule ikiwa karibu na bomba la MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, au la RUWASA, wakala wa maji wa vijijini, huenda hela yako ifanye kazi zaidi ikilipia kuunganisha bomba. Tatu, tanki lililojaa lina uzito wa tani tano na linahitaji msingi imara. Mawe tunayo, mji mzima umekaa juu yake. Wazazi walete mawe, mchanga na nguvu kazi, wewe ulete saruji na tanki. Kazi ambayo wazazi wameitolea jasho hulindwa na wazazi.

Sitaficha msimamo wangu juu ya jambo ambalo wengi huanza nalo: kumsomesha mtoto mmoja. Ni jambo zuri sana na ni la hatari sana kwa biashara ndogo. Ada ya shule za serikali imefutwa hadi kidato cha sita, lakini sare, daftari, godoro la bweni na nauli vipo pale pale, na kidato cha kwanza hadi cha nne ni miaka minne. Biashara ikiyumba mwaka wa pili, anayeanguka ni mtoto. Ukitaka njia hiyo, weka kando fedha za miaka yote minne kabla ya kumwambia mtoto neno lolote, au shirikiana na wenzako wawili ili mmoja akikwama wengine wabebe.

Hatua ya 5: Chunguza unayempa

Shule ya serikali ni rahisi. Nenda kwa mwalimu mkuu, mwombe akukutanishe na kamati ya shule, mjulishe afisa elimu kata. Kamati ikikubali, iandikwe kwenye muhtasari wa kikao chao.

Shirika linahitaji kazi zaidi. Omba nakala ya cheti cha usajili na uangalie kimetoka wapi: mashirika yasiyo ya kiserikali husajiliwa na msajili aliye chini ya wizara ya maendeleo ya jamii, bodi za wadhamini husajiliwa RITA (wakala wa usajili, ufilisi na udhamini), na vyama vya kijamii na vya dini viko Wizara ya Mambo ya Ndani. Omba katiba, taarifa ya mwaka uliopita na namba ya akaunti yenye jina la shirika na watia saini zaidi ya mmoja. Ukiambiwa "tuma tu kwenye namba yangu, boss, nitawafikishia", simama hapo hapo. Kisha muulize afisa maendeleo ya jamii wa kata, na zungumza na mwenyekiti wa mtaa. Hawa wawili wanajua shirika lenye kazi na lenye bango tu.

Makao ya watoto yana swali lake la ziada. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka yawe na leseni, kwa hiyo iombe, na umtafute afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Uliza pia watoto wangapi wana bibi, shangazi au mjomba anayeweza kuwalea akisaidiwa. Mara nyingi gunia la mchele na sare zinazopelekwa kwa bibi Misungwi humfanya mtoto abaki kwao, na huo ni msaada mkubwa kuliko kitanda cha pili katika makao.

Nenda ukaone siku ya kawaida, bila kutangaza. Usipande gari lenye nembo.

Hatua ya 6: Andika ukurasa mmoja

Karatasi moja inatosha. Iandikwe kwa Kiswahili chepesi, ipigwe muhuri wa biashara, ibandikwe ukutani nyuma ya kaunta. Kama ni kampuni, wakurugenzi wapitishe kwenye muhtasari wa kikao. Mfano:

"Duka letu linatenga asilimia 2 ya faida ya mwaka uliopita kwa ajili ya maji katika shule za msingi za serikali za kata hii na kata jirani. Maombi yanapokelewa kwa maandishi kuanzia tarehe 1 Agosti hadi 30 Septemba. Kamati ya watu watatu inakaa wiki ya pili ya Oktoba. Tunatoa vifaa na ufundi, hatutoi fedha taslimu. Hatuchangii chama cha siasa, kampeni wala mgombea. Hatulipii posho za vikao wala sherehe za makabidhiano. Mjumbe mwenye maslahi katika ombi hashiriki kuliamua. Kila aliyeomba atajibiwa kabla ya tarehe 31 Oktoba."

Tarehe hizo zina sababu. Mauzo ya baada ya mavuno yameshaingia, na ukiamua Oktoba unapata likizo ya Desemba kufunga tanki kabla shule hazijafunguliwa Januari.

Kipengele cha siasa kisiachwe, hasa mwaka wa uchaguzi. Na kiongozi au mtumishi wa umma akija kuomba kwa jina la ofisi, malipo yaende kwenye akaunti au kwa namba ya malipo ya serikali, na urudi na risiti. Zawadi kwa mtumishi mwenye mamlaka juu ya leseni yako inaweza kuangukia kwenye sheria ya kuzuia na kupambana na rushwa, hata kama wewe moyoni uliita msaada.

Hatua ya 7: Jifunze kusema hapana kwa heshima

Watu wengi wanaacha mpango wote hapa, kwa sababu anayesimama mbele ya kaunta ni mama jirani au mwalimu aliyemfundisha mwanao. Ukurasa ulio ukutani unakusaidia, kwani sasa anayekataa ni utaratibu, na utaratibu ni mmoja kwa wote. Mfundishe mtu wa kaunta maneno haya:

"Shikamoo mama. Barua tumeipokea na nimeiandika kwenye daftari. Mwaka huu mfuko wa duka uko kwenye maji ya shule, kwa hiyo hili la kwaya hatutaliweza. Tungependa usisubiri bure, ndiyo maana nakwambia mapema."

Kumwambia mtu "rudi Jumatatu" mara tano ni kumtesa. Nauli ya daladala aliyotumia ni hela yake.

Msiba ni jambo jingine. Hapa Mwanza huwezi kusoma karatasi ya ukutani mbele ya mtu aliyefiwa jirani yako, na wala hupaswi. Weka kiasi kidogo cha kudumu cha kaunta kwa ajili ya misiba ya mtaa, tofauti na mfuko, chenye kikomo cha mwezi na kiwango kimoja kwa kila msiba. Anayekisimamia asihitaji kukupigia simu.

Hatua ya 8: Kodi na vitabu

Kama wewe ni mtu binafsi mwenye mauzo yasiyozidi milioni 100 kwa mwaka na unalipa kodi ya makadirio, kodi yako inakokotolewa kwa mauzo, kwa hiyo misaada haikupunguzii kitu. Itoe tu kwa moyo na uiandike.

Kama unatengeneza hesabu kamili, Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inaruhusu michango kwa taasisi za hisani zinazotambuliwa itolewe kwenye mapato kabla ya kukokotoa kodi, kwa kikomo cha asilimia 2 ya mapato ya biashara. Angalia neno "zinazotambuliwa". Cheti cha usajili wa shirika peke yake hakitoshi. Omba barua ya TRA inayoonyesha kwamba limekubaliwa kuwa taasisi ya hisani. Duka letu la mfano likitoa 720,000 inayokubalika, kwa kodi ya kampuni ya asilimia 30 linapata nafuu ya 216,000. Anayetaka kuchangia elimu anaweza pia kuzungumza na Mamlaka ya Elimu Tanzania, inayosimamia Mfuko wa Elimu.

Kama umesajiliwa VAT na unatoa bidhaa ambazo ulikwisha kudai kodi ya manunuzi, mwone mhasibu kabla bidhaa hazijatoka stoo. Kila unachonunua kwa ajili ya mfuko kiwe na risiti ya EFD.

Hatua ya 9: Kabidhi bila kelele nyingi

Turubai, viti, spika, maji ya mgeni rasmi, fulana za siku hiyo. Ukijumlisha, sherehe imekula tanki la pili. Makabidhiano mazuri yanahitaji watu wachache: mwalimu mkuu, mwenyekiti wa kamati ya shule, mtu wa kamati yako, fundi. Mnafungua koki, maji yanatoka, mnasaini hati ya makabidhiano nakala mbili, na tanki linaingizwa kwenye leja ya vifaa vya shule siku hiyohiyo. Hati itaje ukubwa, aina, idadi ya koki, tarehe, na nani ana wajibu wa kusafisha gata kabla ya mvua za kwanza.

Usimkabidhi mtu kilichokushinda kuuza. Koki zilizopata kutu na mabati yaliyokunjika yanaleta aibu shuleni na kwako.

Picha za tanki piga uzipendazo. Za watoto, omba ruhusa ya mwalimu na wazazi, na usimpige mtoto uso kwa uso akipokea kitu huku jina la duka likining'inia juu ya kichwa chake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na sura ya mtu ni taarifa yake. Hata pasingekuwa na sheria, mtoto huyo atakua, na picha itabaki mtandaoni ikisema alikuwa maskini.

Hatua ya 10: Rudi ukaangalie

Weka kando sehemu ya mfuko kwa matengenezo. Mimi hupendekeza moja ya saba, kwa duka letu ni laki moja na ushee. Matangi hayafi kwa kupasuka, yanakufa kwa koki ya elfu chache ambayo hakuna aliyepewa jukumu la kuibadilisha, na kwa gata lililojaa majani.

Tembelea baada ya miezi miwili, tena baada ya miezi sita. Uliza walimu na uliza watoto wenyewe, kwani mtoto wa darasa la tatu atakuambia bila kuzunguka kama bado anatumwa ziwani na dumu. Angalia kama maji ya mvua ya kwanza humwagwa kabla ya kuanza kukusanya, na kama ya kunywa yanachemshwa au kutiwa dawa. Tanki likiwa limefungwa kufuli na mwalimu anasema maji ni ya ofisi, zungumza na kamati ya shule kabla ya kuongeza la pili. Likiwa linatumika na halitoshi, umepata kazi ya mwaka ujao.

Ukiona kazi imekuzidi, watafute wenzako. Maduka matatu ya barabara moja yakiweka laki saba saba yanafikia milioni mbili na laki moja, na TCCIA (chemba ya biashara, viwanda na kilimo) au Jumuiya ya Wafanyabiashara mkoani ni mahali pazuri pa kuwapata. Andikeni makubaliano mafupi: nani anatunza fedha, nani anasaini, nani anakwenda kukagua, na mmoja akijitoa katikati inakuwaje. Hicho cha mwisho kiandikwe siku ya kwanza, mkiwa bado mnaelewana.

Mwishoni mwa mwaka, bandika karatasi ya pili karibu na ile ya kwanza: kiasi kilichotengwa, kilichotumika, kilichobaki, shule gani, maombi mangapi yalikuja na mangapi yalikataliwa. Wateja wataisoma wakisubiri chenji. Na wale uliowaambia hapana mwezi wa kumi wataona hela ilikokwenda.